Jinsi ya kuomba fedha za umma kwa kinga na elimu ya saratani ya ngozi

Katika vitabu vingi vya bajeti za afya, saratani ya ngozi huonekana pale tu mgonjwa anapokuwa tayari kitandani. Kuna fedha za upasuaji, za dawa, za mashine za mionzi. Fedha za kumzuia mtu asifike huko utazitafuta kwa tochi. Inauma, kwa sababu hii ni saratani ambayo kisababishi chake kikuu hakina mjadala: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mionzi ya jua katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1992. Tena kinga yake ni vitu vinavyoweza kuandikwa kwenye hati ya manunuzi: kofia pana, mashati ya mikono mirefu, vivuli, mafuta ya kukinga jua, saa za mwalimu.

Mwongozo huu ni wa chama cha wagonjwa, muuguzi wa kliniki ya ngozi, mwalimu mkuu, kiongozi wa watu wenye ualbino, au yeyote anayetaka serikali, iwe kuu au ya mtaa, ilipie kinga hiyo. Andiko langu la kwanza la kuomba fedha lilikataliwa. Liliomba mabango, fulana na matembezi ya siku moja. Ofisa aliyelisoma aliniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, siku ya pili yake kutakuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Karibu kila kitu kilichomo humu kimetokana na swali lile.

Hatua ya 1: Amua unamwombea nani

"Kinga ya saratani ya ngozi" ni maneno mapana mno kwa mtu wa hazina. Atataka kujua ni ngozi ya nani.

Watu wenye ualbino wana upungufu wa melanini, ile rangi inayoilinda ngozi dhidi ya miale ya urujuanimno, yaani UV. Kwao jua la utotoni, la njiani kwenda shule na la uwanja wa michezo, huacha madhara ambayo huanza kuonekana wakiwa bado vijana. Hili ndilo kundi ambalo kila senti ya kinga inalifaa moja kwa moja.

Wapo pia wanaofanya kazi juani: wakulima, wavuvi, mafundi ujenzi, wafagia barabara, askari wa usalama barabarani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.6 walikuwa wakipigwa na jua kazini, na kwamba karibu kifo kimoja kati ya vitatu vinavyotokana na saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni ile inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini) kilihusiana na jua la kazini. Takwimu hiyo ina nguvu kubwa mbele ya wizara ya kazi, kuliko mbele ya wizara ya afya.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi asiye na ualbino, habari ni nyingine kabisa. Melanoma kwake ni adimu, na inapotokea mara nyingi hukaa kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina mchango mkubwa. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Saratani nyingine za ngozi huweza kuota kwenye kidonda sugu au kovu la zamani la moto. Mtu huyu hahitaji chupa ya mafuta ya jua ya serikali. Anahitaji kuambiwa aitazame miguu yake, na mhudumu wa zahanati anahitaji kufundishwa asiseme "ni alama tu" kabla ya kuchunguza.

Kwa hiyo andika kundi lako kwa majina na idadi: watoto wangapi wenye ualbino katika shule zipi, wafanyakazi wangapi wa nje wanaolipwa na serikali yenyewe, zahanati ngapi. Ukiwaombea wote kwa pamoja, hakuna atakayejiona kuwa anahusika.

Hatua ya 2: Andaa hesabu, na usizitie chumvi

Anza na kinachopatikana bure. Idara ya hali ya hewa, au huduma za kimataifa za utabiri, hutoa kipimo cha UV cha kila siku, yaani namba inayoonyesha ukali wa miale hiyo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kinga inahitajika kuanzia kipimo cha 3. Katika maeneo ya karibu na ikweta kipimo hupita 3 kwa saa nyingi za mchana, mwaka mzima. Weka grafu ya mwezi mmoja kwenye andiko lako. Ofisa ambaye hajawahi kusikia habari ya UV ataelewa kwa kuitazama.

Halafu nenda hospitalini. Usitegemee takwimu za kitaifa peke yake, kwa kuwa rejista nyingi za saratani duniani haziandiki kikamilifu saratani za ngozi zisizo melanoma, na matokeo yake ugonjwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Omba ruhusa ya kuhesabu kutoka daftari la chumba cha upasuaji na la maabara inayopima vipande vya nyama ya mwili wa mgonjwa, bila kuchukua jina la mtu yeyote. Unachotaka ni mambo manne: wagonjwa wangapi kwa mwaka, umri wao, walifika wakiwa katika hatua gani, na kila mmoja aligharimu kiasi gani. Ongeza siku za kazi au shule zilizopotea kama unaweza kuzipata.

Sasa weka gharama hiyo kando ya gharama ya kinga. Mifano ya nje inasaidia kuonyesha kwamba hesabu za namna hii zimekwisha kufanywa na serikali nyingine. Marekani ilikadiriwa kutumia zaidi ya dola bilioni 8 kwa mwaka kutibu saratani za ngozi kati ya 2007 na 2011. Upande wa kinga, jimbo la Victoria nchini Australia limekuwa na programu ya SunSmart tangu 1988, na wachumi wa afya walioichunguza walikadiria kwamba ilizuia zaidi ya saratani za ngozi 43,000 hadi kufikia 2010, na kwamba kila dola iliyowekwa ilirudisha zaidi ya dola mbili. Na kwa anayeuliza kama mafuta ya jua yanafanya kazi kweli, upo utafiti wa Nambour, huko Queensland, ulioanza 1992 kwa watu 1,621: waliopewa na kuelekezwa kupaka kila siku walipata saratani chache za aina ya seli bapa, mojawapo ya zile zisizo melanoma, pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wenzao walioachwa wapake wapendavyo.

Lakini sema wazi kwamba Victoria ni jamii yenye watu wengi wa ngozi nyeupe. Usidai kwamba faida ileile itapatikana kwako. Ofisa makini atauona udhaifu huo, na ukiwa umeusema mwenyewe kwanza, atakuamini katika mengine.

Hatua ya 3: Tafuta mfuko, au mifuko

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mwaka mzima. Wanaandika barua kwa wizara ya afya, wanajibiwa kwamba fedha hakuna, basi wanakaa. Na kweli wizara ya afya inazidiwa na malaria, uzazi na mishahara. Kinga ya saratani ya ngozi ina bahati moja: sehemu zake nyingi si za afya kabisa.

Kivuli cha shule ni jengo, au ni miti. Kiko kwenye fungu la miundombinu ya elimu, au kwenye bajeti ya mazingira ambayo tayari inanunua miche kila mwaka na kuipanda popote. Omba miche hiyo ipandwe upande wa uwanja ambako watoto hukaa mchana, na iwe ya majani mapana. Shati la mikono mirefu la mfagia barabara ni kifaa cha usalama kazini. Mwajiri wake, ambaye mara nyingi ni serikali ya mtaa yenyewe, tayari ana kifungu cha sare, na tofauti ya gharama kati ya mikono mifupi na mirefu ni ndogo. Mafuta ya jua kwa mtu mwenye ualbino yanaweza kuingia kwenye fungu la watu wenye ulemavu, au kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Ukifanikiwa kuyaingiza kwenye orodha hiyo, bohari ya dawa itayanunua kama inavyonunua dawa nyingine, na hutahitaji tena kuandika andiko la kuyaomba. Ni njia ndefu, inahitaji daktari bingwa wa ngozi aketi na kamati, lakini mimi ningeianza leo.

Kuna pia mifuko maalumu. SunSmart ya Victoria ilipata nguvu kwa sababu sheria ya tumbaku ya jimbo hilo ya mwaka 1987 iliunda mfuko wa kukuza afya uliotunishwa na tozo ya sigara. Chunguza kama nchi yako ina tozo ya aina hiyo kwenye tumbaku, pombe au vinywaji vyenye sukari, na kama sheria yake inaruhusu matumizi ya kinga. Isome sheria yenyewe. Muhtasari wa magazetini hautoshi.

Na yapo mambo yasiyohitaji fungu lolote. Kuhamisha gwaride na michezo ya shule kutoka saa sita mchana kwenda asubuhi ni tangazo la mwalimu mkuu. Kuruhusu kofia ndani ya kanuni za sare ni barua moja. Kupiga marufuku vitanda vya taa za kubadili rangi ya ngozi ni sheria tu. Brazili ilifanya hivyo mwaka 2009, mwaka uleule ambao IARC ilivitangaza kuwa kisababishi cha saratani. Orodhesha mambo haya katika andiko lako na ueleze yapi umekwisha kuyafanya. Mtoa fedha huwa na moyo zaidi na mtu aliyeanza na alichonacho.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwenye kalenda

Bajeti inaposomwa bungeni, imekwisha kuamuliwa. Uliza mwaka wa fedha unaanza lini, kisha hesabu miezi tisa hadi kumi nyuma: huo ndio wakati wa kuonana na ofisa mipango wa idara, kabla mwongozo wa maandalizi ya bajeti na ukomo wa kila idara havijatoka. Mtafute mtu anayejaza jedwali kwenye kompyuta. Huyo ana uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, kwani jambo lisiloandikwa katika jedwali lake halimfikii waziri.

Hatua ya 5: Andika andiko fupi lenye mchanganuo wa kweli

Kurasa tano zinatosha: tatizo, kundi, kitakachofanyika, nani atafanya, gharama, vipimo, na nini kitafuata fedha zikiisha. Weka nguvu kwenye mchanganuo wa gharama, maana huko ndiko miradi hufia.

Nitoe mfano wa mafuta ya jua, kwa sababu nimeona hesabu yake ikikosewa mara nyingi. Kipimo kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni takriban kijiko cha chai, mililita 5, kwa uso, masikio na shingo, na kijiko kimoja kwa kila mkono. Jumla ni mililita 15 kwa mpako mmoja, na mtu anayekaa nje anapaswa kurudia kila baada ya saa mbili. Hata tukisema apake mara mbili tu kwa siku, ni mililita 30. Chupa ya mililita 100 inaisha siku ya nne. Kwa mwezi anahitaji chupa tisa. Lakini miradi mingi hupanga chupa moja kwa mwezi, kisha taarifa ya mwisho hulalamika kwamba "walengwa hawakutumia ipasavyo". Wangetumiaje?

Sasa mvishe mtu huyohuyo shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa karibu, na kofia yenye ukingo wa kuzunguka pande zote. Yanabaki uso, shingo na viganja upande wa juu, tuseme mililita 7 kwa mpako. Mahitaji yanashuka hadi chupa nne na ushei. Shati na kofia vinadumu mwaka. Ndiyo maana nasisitiza: fedha zikiwa chache, nunua nguo na kofia kwanza, kisha mafuta kwa sehemu zinazobaki wazi. Weka hesabu hii ndani ya andiko jinsi ilivyo, kwa bei za zabuni za kwako.

Usisahau gharama zisizopendeza kuandikwa. Mafuta yana tarehe ya mwisho wa matumizi na hayapendi joto, kwa hiyo kuna ghala na usafirishaji. Miti inataka maji kwa misimu miwili ya mwanzo. Mafunzo ya walimu yanahitaji marudio kwa sababu walimu huhamishwa. Na mtu mmoja awe na jukumu hili katika maelezo ya kazi yake, hata kwa nusu ya muda wake. Mradi usio na mtu wa kuulizwa hufa kimya.

Upande wa elimu, omba fedha za kufundisha mambo machache yaliyo sahihi. Watu wengi huamini kwamba siku isiyo na joto haina madhara. Miale ya UV haihisiki kama joto, na sehemu yake kubwa hupenya mawingu mepesi. Mtoto aelewe kutazama kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye, atafute mahali pa kujikinga. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino aelewe kwamba mafuta ya mgando ya kawaida hayazuii jua. Mhudumu wa afya ajue ni kidonda gani asikisubirishe, na ampeleke mgonjwa wapi.

Kuhusu upimaji wa halaiki, ushauri wangu ni kujizuia. Mwaka 2023 jopo la Marekani linaloshauri juu ya huduma za kinga lilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza au kukataa uchunguzi wa ngozi kwa watu wazima wasio na dalili. Kliniki ya mara kwa mara kwa watu wenye ualbino ni jambo jingine, na nalitetea kwa nguvu zote, kwa sababu vidonda vyao vya awali hutibika kwa huduma ndogo. Lakini usimchunguze mtu kama hujapanga nani atamfanyia upasuaji na nani atalipa nauli. Kumwambia mtu ana saratani kisha kumwacha na karatasi mkononi ni ukatili.

Hatua ya 6: Linda jina la mradi

Zikitajwa tu fedha za umma za kununua mafuta, wauzaji watabisha hodi. Wengine watatoa mabango ya bure yenye nembo yao. Kataa kwa heshima. Zabuni iwe ya wazi, itaje kiwango cha kinga, SPF 30 au zaidi, na kinga dhidi ya UVA na UVB, aina mbili za miale ya UV, bila kutaja chapa. Anayeandika vigezo asiwe na biashara na muuzaji yeyote. Kashfa moja ya manunuzi huweza kufunga kifungu hicho kwa miaka mingi.

Hatua ya 7: Pima kinachoweza kupimika

Saratani ya ngozi huchukua miaka mingi kujitokeza. Ukiahidi kupunguza wagonjwa ndani ya miaka mitatu, umejitega. Badala yake hesabu, kabla fedha hazijaanza kutumika na kila mwaka baada ya hapo: wanafunzi wangapi wana kofia uwanjani saa nne asubuhi, wangapi waliungua na jua mwezi uliopita, eneo gani la uwanja lina kivuli saa sita mchana, ni siku ngapi kituo kilikosa mafuta, na wagonjwa wapya wanafika na vidonda vya ukubwa gani. Hiki cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Kidonda kinachofika kikiwa kidogo ni maisha yaliyookolewa, na daktari anaweza kukipima kwa rula.

Waandae watoa fedha mapema kwa jambo moja: elimu ikifanya kazi, idadi ya wagonjwa wanaojitokeza huenda ikapanda mwanzoni, kwa kuwa waliokuwa wamejificha majumbani sasa wanakuja. Liandike ndani ya andiko lenyewe. Lisipoandikwa, mtu atasoma taarifa ya mwaka wa kwanza na kusema mradi umeshindwa.

Hatua ya 8: Hamia kwenye matumizi ya kawaida

Tarehe 13 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na viongozi hupenda kutoa kofia mbele ya kamera siku hiyo. Zipokee, shukuru, halafu muulize kiongozi huyo, palepale, ni kifungu gani cha bajeti kitanunua za mwakani. Jua la tarehe 14 ni lilelile.

Australia inafundisha jambo hili pia. Watafiti waliofuatilia tabia za watu wa Melbourne kwa miaka 15 waliona kwamba kujikinga kuliongezeka haraka mwanzoni, kisha kasi ikapoa, na kwamba tabia zilikwenda sambamba na wingi wa matangazo ya televisheni yaliyolipiwa. Tabia haijengwi mara moja ikabaki yenyewe.

Kwa hiyo katikati ya mwaka wa kwanza, usisubiri uishe, andika ombi la pili: kuhamisha shughuli hizi kutoka fedha za mradi kwenda matumizi ya kawaida ya idara husika. Ambatisha taarifa ya utekelezaji ya kurasa mbili, orodha ya stakabadhi zote, picha za kivuli kabla na baada, na jedwali la vipimo pamoja na vile ambavyo havikwenda vizuri na sababu zake. Omba mgonjwa mmoja, kwa hiari yake na akijua maneno yake yatatumikaje, aende nawe kwenye kikao cha kamati. Mwandalie nauli na kiti kisicho na jua. Peleka ombi kabla ukomo wa bajeti haujatangazwa, acha nakala masijala, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.